Mgolole Kwanza, Kanzu Baadaye

Hotuba kwa walimu wa shule za msingi, wazazi na mafundi cherehani, Iringa mjini

Kamwene. Ndugu walimu, wazazi, na ninyi mafundi mliofunga vibaraza asubuhi hii ili kuja kutusikiliza, karibuni.

Juu ya meza hii kuna wanasesere watano, hawa ambao watoto wetu huwaita midoli. Kila mmoja ana urefu wa sentimita 42. Wa kwanza kavaa mgolole, yaani shuka la kufungwa begani, wa pili kanga, wa tatu kanzu, wa nne sare ya askari wa Kijerumani, na wa tano kavaa kimini cha mwaka 1968. Mkiwatazama mtasema tumewapanga kwa miaka. Kwa kiasi ni kweli, ingawa kanzu ni ya kale kuliko kanga, lakini tumewapanga zaidi kwa ugumu wa mshono, na hilo ndilo lililotuleta hapa. Katika nchi yetu, mavazi yamepanda karibu ngazi ileile anayopanda mtoto anayejifunza sindano. Lilianza shuka lisilokatwa, linalotaka pindo tu. Ikaja nguo ya kuunganisha vipande kwa mshono ulionyooka. Ikaja yenye mikono. Ikaja yenye kola, mifuko na vifungo. Mwalimu anayeifuata historia hana haja ya kuumiza kichwa kupanga masomo, yamekwisha kupangwa.

Mahali pengi hufanyika kinyume. Mtoto huanzishiwa gauni lenye mikono ya puto na kiuno cha marinda, kwa kuwa ndilo linalompendeza machoni, na siku ya tatu linaishia uvunguni. Watu wazima husema mtoto hana subira. Subira anayo. Alichonyimwa ni kazi inayoweza kumalizika kabla subira hiyo haijaisha.

Kwanza tuseme jambo ambalo huwaponza hata mafundi wa siku nyingi. Mwanasesere huyu ni robo ya mtu mwenye sentimita 168. Vipimo vyake vyote tunaweza kuvigawa kwa nne: mkono, bega, kiuno, goti hadi kifundo. Kitambaa hakigawiki. Unene wake unabaki uleule, uzito uleule. Chukua kaki ya suruali za shule, unene wake ni kama nusu milimita. Pindo la kukunja mara mbili lina matabaka matatu, yaani milimita moja na nusu. Kwa mwanasesere wa robo, hiyo ni sawa na pindo la milimita sita kwa mtu. Huyo ni mtu aliyeshonewa turubai. Ndiyo maana nguo nyingi za wanasesere haziangukii mwilini. Zinasimama kama hema, mikono imetanuka kama ya mtu anayefukuza kuku, na mtoto anadhani amekosea kushona wakati mshono wake hauna kasoro.

Dawa iko kwenye mitumba. Shati la pamba la kiume lililofuliwa miaka mitano, lile ambalo kola imeshachanika na muuzaji analitupia kwenye fungu la mwisho, linafaa kuliko kitambaa kipya cha dukani. Limelainika, halichuji rangi, na halitapungua tena likifuliwa. Mgongo wa shati la ukubwa wa kati, kama sentimita 55 kwa 70, unatoa mgolole mmoja na kanzu moja pamoja na mikono yake. Kitenge kipya kinafaa baada ya kufuliwa mara mbili kwa maji ya moto na sabuni hadi wanga utoke, na maua yake yasizidi upana wa sentimita moja, la sivyo mwanasesere ataonekana amejifunika pazia. Poliesta iacheni. Pamba ukiikunja na kuikwaruza kwa ukucha inashika mkunjo. Poliesta inafunguka hapohapo, na mtoto hatumii pasi.

Kipimo cha haraka sokoni: weka kona ya kitambaa, kama sentimita kumi, juu ya kidole kimoja kilichosimama. Ikianguka na kukikumbatia kidole, nunua. Ikibaki imetanda kama mwavuli, rudisha.

Wenzetu wa Paris waliijua hesabu hii. Mwaka 1945, nchi ikiwa imechoshwa na vita na vitambaa ni vya kutafuta, washonaji wakubwa wa mji ule walitengeneza wanasesere wa waya zaidi ya 200, wakawavalisha mitindo mipya na kuwaonyesha katika jumba la Louvre. Wanasesere wale walikuwa na urefu wa karibu sentimita 70. Kwa urefu huo kitambaa cha kawaida bado kinatii. Barbie, aliyetoka Marekani mwaka 1959, ana sentimita 29 tu, na hapo pindo linakuwa jembamba kuliko vidole vya mtoto vinavyoweza kukunja. Sisi tumechagua 42. Chini ya 35 msianze na mtoto, hata kama mwanasesere wa dukani ndiye aliyekwisha kununuliwa.

Haya, mgolole.

Watu wakisikia mavazi ya kale wanakimbilia ngozi ya chui, na ukienda kwenye maonyesho ya shule utadhani babu zetu wote walikuwa wachawi wa kwenye sinema. Nyanda za juu zilikuwa na nguo kabla ya Mjerumani. Wafipa wa Rukwa na Wanyiha wa upande wa Mbozi walifuma wenyewe nguo nzito za pamba kwa mitambo ya mbao. Rungwe walivaa magome ya miti yaliyopondwa. Na tangu miaka ya 1830 merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa kutoka viwanda vya Massachusetts, Marekani, kiliteremshwa Zanzibar na meli za wafanyabiashara wa mji wa Salem wa hukohuko, kisha kikapanda bara kwenye mabega ya wapagazi. Kaniki ya rangi ya nili ilitoka India. Wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, waliomshinda kamanda wa Kijerumani Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 waliishi katika nchi ambako shuka lilikuwa nguo na lilikuwa fedha. Mwanasesere wa Kalenga, makao ya Mkwawa, apewe shuka lake, lifungwe begani.

Kipande ni sentimita 48 kwa 36. Msikikate kwa mkasi, kichaneni: mkato mdogo wa sentimita moja pembeni, halafu vuta. Pamba huchanika kufuata uzi wake, kwa hiyo ukingo unanyooka wenyewe, na hakuna mtoto asiyeupenda ule mlio. Kukata kwa mkasi kunampa mtoto wa miaka saba ukingo wa mawimbi, na pindo la ukingo wa mawimbi halilali hata likishonwa na malaika.

Pindo ni nusu sentimita, kisha nusu sentimita tena. Hapo ndipo kona zinapoleta taabu, maana pindo mbili zikikutana panakuwa na matabaka tisa, na sindano ya mtoto haipiti. Inakwama, anaisukuma kwa kidole gumba, inamchoma. Kabla ya kukunja chochote, kateni pembe tatu ndogo katika kila kona, milimita 7 kutoka nchani. Matabaka yanapungua na kona inalala. Mtoto asiye na subana akunjiwe kipande cha ngozi ya kiatu chakavu kwenye kidole cha kati, kifungwe kwa uzi.

Halafu piga bandi, ule mshono wa muda. Tunajua mafundi mnacheka, maana ninyi hampigi bandi hata suti ya bwana harusi. Mtoto apige. Uzi wa rangi nyingine, hatua za sentimita mbili, ili pini ziondoke kabisa kabla ya kushona kwenyewe. Pini ndogo katika kitambaa kidogo huchoma mkono unaoshika, hazichomi ule unaoshona, na mtoto hajui kwa nini anaumia upande ambao hakuna sindano.

Mshono wenyewe ni wa kupitisha tu, milimita 4 juu na milimita 4 chini. Upande wa kwanza tunaweka nukta za penseli kila milimita 4. Upande wa pili tunaweka mstari bila nukta. Wa tatu na wa nne hatuweki kitu. Pindo lote lina sentimita 160, ambazo ni mishono kama 200, na tofauti kati ya upande wa kwanza na wa nne mtoto ataiona mwenyewe bila kuambiwa. Msimfumulie upande wa kwanza. Uacheni na ubaya wake. Begani hauonekani, na yeye ataurudia kuutazama.

Uzi uwe mkono mmoja wa mtu mzima, ncha ya kidole hadi kiwiko, kama sentimita 45. Kipimo hichohicho ndicho kilichopimia merikani. Ukiondoa fundo na mkia wa kwenye sindano, mkono mmoja unashona kama sentimita 30, kwa hiyo mgolole mmoja unakula nyuzi tano hadi sita. Mtoto atataka uzi mrefu ili asitunge mara sita. Mkatalieni. Kila sindano inapozunguka vidoleni uzi unajisokota kidogo, na uzi mrefu ukishasokotwa unajifunga fundo katikati ya kitambaa, mahali pasipofikika. Hata mfupi unajisokota. Akiona unaanza kujikunja aiachie sindano ining'inie hewani izunguke hadi itulie. Kuupitisha uzi kwenye nta ya nyuki au kipande cha mshumaa kunapunguza balaa hilo. Wa chini ya miaka minane washone kwa uzi wa kukunja mara mbili, ncha zote mbili zikiwa katika fundo moja, kwa sababu uzi mmoja huwatoka sindanoni kila wanapovuta, na somo zima linageuka kuwa la kutunga.

Na kutunga kwenyewe: ncha ikatwe mshazari, ibanwe kati ya kidole gumba na cha shahada hadi ionekane kama nukta tu, halafu sindano ndiyo iletwe kwenye uzi. Kuupeleka uzi kwenye sindano ni kulenga nyani usiku. Kwa miezi ya Juni na Julai, hasa kwa walimu wa Mafinga, Makambako na Njombe, wekeni kipindi hiki saa sita mchana juani. Vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi havisikii sindano, na kosa hilo hupewa mtoto.

Merikani yenu ikiwa nyeupe mno, ipeni umri kwa chai. Vijiko vinne vya majani kwa lita moja, yachemke dakika 15, yachujwe vizuri, kitambaa kilale humo nusu saa. Kilowe kwanza kwa maji ya kawaida kabla ya kuingia, la sivyo kitatoka na mabaka. Kipande cha shabu chenye ukubwa wa punje ya mahindi, kikiyeyushwa kwenye maji ya kulowekea, kinaisaidia rangi ishike. Mufindi ina chai ya kutosha kuwatia rangi wanasesere wa nchi nzima. Kaniki nayo ina tabia yake: itamtia mwanasesere madoa ya buluu shingoni yasiyotoka. Ifueni hadi maji yatoke meupe, mara tatu au nne, ndipo ikatwe.

Mwanasesere wa pili ana kanga, na hapa historia imetufanyia hisani kubwa. Kanga haikuanza kama tunavyoijua. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso za kuchapwa, zile za asili ya Kireno, zikiwa bado hazijatenganishwa kutoka kwenye jora. Walichukua urefu wa leso tatu, mara mbili, wakashona pamoja, wakapata vazi la leso sita. Wafanyabiashara walipoona hivyo ndipo ikachapwa kanga nzima, na maandishi yakafuata, mwanzoni kwa herufi za Kiarabu. Kwa hiyo mtoto akishona vipande sita vya mraba, tatu kwa mbili, hatengenezi mfano wa kanga. Anarudia kazi ileile, mshono kwa mshono.

Kateni miraba sita ya sentimita 15. Kila mshono unakula sentimita moja kila upande, hivyo mraba unabaki 13. Baada ya pindo mtapata kanga ya 39 kwa 26, ambayo ni karibu robo ya kanga halisi. Mshono ni wa kurudi nyuma: sindano inaingia pale mshono uliopita ulipoishia, inatokea mbele. Shoneni kwanza leso tatu tatu kuwa mikanda miwili, halafu muunganishe mikanda.

Kosa linalotokea darasa zima ni kwamba mishono ya katikati haikutani, msalaba unavunjika. Sababu ni hesabu tu. Mkanda mmoja una mishono miwili, na kila mshono una kingo mbili, jumla kingo nne. Mtoto akikosea milimita 2 tu kila ukingo, mkanda wake unapishana na wa pili kwa milimita 8. Hakuna atakayeiona milimita mbili, lakini nane kila mtu anaiona. Basi mpeni kipande cha kadibodi chenye upana wa sentimita moja kamili awe anakilaza ukingoni na kuchora mstari wa kushona. Wakati wa kuunganisha mikanda, pini za kwanza ziwekwe kwenye misalaba miwili, ncha za mwisho zibanwe baadaye. Sehemu za ndani za mishono zilazwe pande tofauti, ya juu kulia, ya chini kushoto, ili zishikane kama vidole.

Pindo la kanga halisi likikatwa halimfai mwanasesere, ni pana mno. Chapeni lenu kwa kiazi. Kiazi mviringo kikatwe nusu, kichongwe alama isiyozidi sentimita 3, kisha kilazwe uso chini juu ya kitambaa kikavu dakika kumi. Hatua hiyo ndiyo inayorukwa, na kiazi chenye maji hutoa uchapaji wa uji. Rangi ya kitambaa ipakwe kiazini kwa sponji, kiazi kisichovywe. Jina la kanga aandike mtoto mwenyewe kwa kalamu ya kitambaa, herufi zisizozidi ishirini. Mtasoma mambo.

Kanzu ndiyo mlima wa kwanza wa kweli, na tutakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapoanguka.

Mwanasesere wetu ana kifua cha sentimita 24, bega hadi kifundo 32, upana wa mabega 9. Mwili wa kanzu ni ukanda mmoja wa 17 kwa 68, unaokunjwa begani, hivyo hakuna mshono wa bega. Upana wa 17 unatupa 15 baada ya mishono, mbele na nyuma 30, nafasi ya sentimita sita. Mwanasesere hakunji viwiko. Bila nafasi hiyo mikono yake ya kujazwa haiingii. Mikono ya kanzu ni vipande viwili vya 13 kwa 14, upande wa 14 ndio unaoshonwa kwenye mwili. Kanzu ya mtu ina kikwapa, kile kipande kidogo cha mraba chini ya mkono. Katika robo ya kipimo, kikwapa ni kipande cha sentimita tatu chenye kona nne za kugeuza, na hatujaona sababu ya kumtesa mtoto nacho. Mkono wetu umeongezwa upana kufidia.

Shingo sasa. Mzunguko wa shingo ni sentimita 14, maana yake tundu la upana wa sentimita 4.5. Mtoto anachora duara la 4.5 na kulikata, na kanzu imeharibika. Kwa nini? Kwa sababu ukingo wa tundu nao unapindwa, na pindo la tundu halipunguzi tundu kama pindo la chini linavyopunguza urefu, linalipanua. Nusu sentimita kila upande, tundu linakuwa 5.5, mzunguko unapita 17, na kwa mabega ya sentimita 9 kanzu inateremka begani kama ya mlevi. Duara la kukata ni sentimita 3.5, upana wa kifuniko cha chupa kubwa ya maji au pungufu kidogo. Tundu likiwa dogo linaongezwa. Likiwa kubwa, hakuna dawa.

Lakini kichwa cha mwanasesere wa kitambaa ni kikubwa, kina mzunguko wa 26, na hakipiti katika tundu la 14. Kwa hiyo mgongoni kunapasuliwa sentimita 10 kushuka kutoka shingoni, na kufungwa kwa kishikizo kimoja cha kubonyeza. Kanzu ya kweli haina mpasuo huo. Tunaukubali uongo huu mmoja, tunauficha mgongoni.

Kupinda shingo, kateni ukanda wa mshazari wa upana wa sentimita 2.5. Mshazari ni kukata kwa pembe, kutoka kona hadi kona ya mraba, na mtoto aelezwe kwa mkono: avute kitambaa kufuata uzi, hakivutiki, avute kwa pembe, kinatanuka kama mpira. Kinachotanuka ndicho kinachoweza kuzunguka duara bila kukunjamana. Kabla ya kugeuza ukanda, piga mikato midogo ya milimita 3 kuzunguka shingo, kila baada ya milimita 7. Mkato ukiugusa mshono, umetoboa kanzu. Mwalimu aishike mkasi mwenyewe hapa, na asione haya.

Mpangilio wa kushona: mpasuo na shingo kwanza kitambaa kikiwa bado bapa, halafu mikono kikiwa bado bapa, kisha ubavu na chini ya mkono kwa mshono mmoja usiokatika, mwisho pindo la chini. Anayeshona ubavu kwanza atajikuta anaingiza mkono wa kanzu katika tundu la ukubwa wa shilingi, na atalia. Darizi ya shingoni ipigwe kwa uzi mmoja wa kudarizi uliotenganishwa kutoka kwenye sita, nao rangi ya krimu. Nyuzi sita zote zikitumika zinatoa shingo ya kamba ya meli.

Askari tutapita haraka, maana ni wa miaka kumi na miwili kwenda juu. Kaki yake isiwe kaki. Tafuteni shati jembamba la rangi hiyo. Mifuko iwe vifuniko tu vilivyoshonwa juu, hakuna mfuko ndani. Kola iwe tabaka moja la utepe. Vifungo ni shanga. Kofia yake ni tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki chenye kipande cha kukinga kisogo. Mtoto mdogo wa kundi apewe kazi ya mabendeji ya miguuni: ukanda wa buluu wa sentimita 1.5 kwa 50, unaozungushwa kutoka kifundoni kwenda juu, kila duru ikifunika nusu ya iliyopita. Kuna wazazi wanaouliza kwa nini watoto wa Iringa washone sare ya waliotupiga. Askari wengi ndani ya sare ile walikuwa Waafrika, na jengo la Boma waliloliacha Wajerumani leo ni makumbusho hapahapa mjini. Mtoto aliyeshona kola ile kwa siku nne atakuwa na maswali ya kuuliza akifika kule, na ni bora aulize.

Kimini nacho kinatuvunjia ngazi, na tunakiri. Oktoba 1968 vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana dhidi ya vimini na nguo nyingine zilizoitwa za kigeni. Kwa sindano, vazi lile lililozua makelele yote hayo ni rahisi kuliko kanzu: mshono mmoja wa nyuma, pindo la chini, na njia ya lastiki ya sentimita moja kiunoni. Lastiki ikatwe 21 kwa kiuno cha 22, ipishane sentimita moja. Mkia wake ubanwe kwa pini nje ya njia kabla ya kuvuta ncha ya mbele, usije ukazamia ndani. Mtoto aliyechoshwa na kanzu apewe kimini apumzike.

Cherehani isije kabla ya miaka tisa, na ya kwanza iwe ya mkono. Ya miguu inataka mtoto aongoze kitambaa, akanyage, na asirudishe gurudumu nyuma, vyote kwa mpigo. Ya umeme inakimbia kuliko anavyofikiri. Aanze kushona karatasi yenye mistari, bila uzi, na sindano hiyo itolewe baadaye kwa sababu karatasi imeifanya butu. Kwa nguo hizi tumieni sindano namba 11 na mshono wa milimita 2. Vipande vidogo humezwa na tundu la chini ya mguu wa mashine mwanzoni mwa mshono. Anzeni kila mara juu ya kitambaa chakavu, kisha ingieni kwenye nguo bila kukata uzi.

Mtoto wa mkono wa kushoto msimgeuze. Mwalimu wa mkono wa kulia akae mbele yake, wakitazamana, naye aige kama kwenye kioo. Wa kulia akae naye ubavuni. Mkasi wa kawaida unatafuna kitambaa katika mkono wa kushoto kwa sababu mkono huo unayaachanisha makali yake mawili badala ya kuyabana, na ubapa wake wa juu unaficha mstari, basi achane badala ya kukata. Na wavulana wote washone. Pitieni mbele ya maduka ya vitambaa hapa mjini mhesabu waliokaa nyuma ya cherehani ni akina nani, kabla hamjatuambia kushona ni kwa wasichana.

Watoto wa miaka mitano na sita hawashiki sindano kali. Wapewe shazia iliyosagwa ncha na kipande cha gunia la katani, lenye matundu yanayoonekana. Mtu mzima mmoja kwa watoto wanane, dakika 40, basi. Kila mtoto ana sindano moja, imechomekwa katika kitambaa chenye jina lake, na hakuna anayetoka mlangoni kabla haijaonekana. Sumaku ya spika iliyokufa, ikifungwa kwenye fimbo, inapitishwa sakafuni kila mwisho wa kipindi.

Vipande vya mgolole viko mezani, vimechanwa tayari, na nta iko kwenye kisahani. Sindano tulizoweka ni 36. Karibuni mezani, tukimaliza tutazihesabu.